Damu ya Upande Gani

Mwanangu Mapendo,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Solange, na najua mkishaanza maneno yenu hutarudi mpaka jua literemke. Nimekaa kwenye kiti alichokiacha baba yako, nimeweka karatasi juu ya sinia, naandika. Kesho asubuhi Asukulu atakuja na pikipiki yake kukupeleka Mboko. Majirani wanashangaa kuniona nimenuna hivi. Mama Solange mwenyewe aliniambia jana, "Mboko nayo njo safari? Asubui unaenda, mangaribi uko umesharudia." Yeye anafikiria barabara. Mimi nafikiria kwamba una miaka kumi na tisa na umechagua kwenda kukaa kwa mtu mwingine.

Sitaandika habari za vidonge, wala kulala mapema, wala kurudi hospitali siku yako ikifika. Hayo unayajua kuliko mimi, na nimekuimbia wimbo huo mpaka masikio yako yamechoka. Nitaandika yale ambayo nikiyasema kwa mdomo naanza kujitetea. Na naandika Kiswahili cha shule, kile babu yako alichotufundisha, kwa sababu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani nimeshatumia maneno mabaya mengi juu ya jambo hili, na mengine uliyasikia.

Nianze na huyo babu yako. Wewe unamjua kwa picha tu, mwalimu mwenye koti, amesimama mbele ya shule kule Fizi. Likizo moja kubwa aliamka akasema atajenga ukumbi wa kwaya nyuma ya nyumba yetu. Aling'oa mabati ya jikoni. Aliuza mbuzi wote. Alichimba msingi akiimba, asubuhi mpaka giza, halafu akatuamsha tumshikie taa aendelee kuchimba. Hakuwa akilala, na alikuwa na furaha iliyotutia hofu. Shule zilipofunguliwa, akajilaza akageukia ukuta. Mvua ikawa inaingia jikoni kupitia pale alipong'oa mabati, na mama yangu anapika amejifunika mfuko. Alikwenda kwa direkta wa shule akasema, "Mwalimu iko na malaria." Malaria hiyo ilikaa miezi. Ikaondoka, ikarudi miaka mingine, na kila mara tulisema malaria. Sisi watoto tulijua kusema malaria kabla hatujajua kusoma.

Watu wa baba yako walipopanda Fizi kuniposa, waliuliza kama watu wanavyouliza: kwenu kuna kifafa? Kuna wazimu? Baba mdogo wangu akajibu, "Kwetu bantu iko bazima." Mimi nilikuwa napita na sinia la soda. Baba yangu alikuwa amekaa pale pale ndani ya koti lake. Mwaka ule ulikuwa mzuri kwake. Akatikisa kichwa kukubali. Nikawagawia wageni soda nikiwa nimeinamisha uso, wakadhani ni haya ya bibi harusi.

Basi ulipofika miaka kumi na miwili, mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee katika nyumba yetu hapa Baraka aliyeijua malaria ile. Mwanzo ulikuwa unafurahisha. Ulifagia ua wetu, ukafagia na wa jirani. Ulishika nyimbo zote za kwaya. Ulikuwa unaongea wakati wa kula, ukiongea hata kwa walioondoka mezani. Halafu siku ya soko ulifungua sanduku la baba yako, ukagawa mashati yake kwa wamama wa Kirundi waliokuwa wanapita na kuni kichwani, ukawaambia Mungu amekutuma. Maneno yalikutoka haraka sana hata hawakukuelewa, lakini mashati waliyapokea. Watu walicheka. Baba yako naye alicheka siku hiyo ya kwanza, akaenda na shati la zamani kazini bandarini, kutengeneza injini za mitumbwi. Mimi sikucheka. Ile sauti nilishawahi kuisikia, ikitoka ndani ya shimo la msingi.

Nilijua, mwanangu. Hicho ndicho kitu ninachotaka usome kwa mwandiko wangu. Mama wa baba yako alipokuja akakutazama, akasema, "Huyu iko na pepo," nilishukuru moyoni. Pepo halina ukoo. Pepo haliulizi mama alitoka wapi. Nikaona afadhali pepo kuliko baba yangu.

Ndivyo ulivyopelekwa kwenye chumba cha maombi. Mimi ndiye niliyekufungia nguo zako. Mtoto ambaye ugonjwa wake wote ni kukosa usingizi, tukampeleka mahali ambapo hawalali, wanapiga ngoma na kukemea mpaka alfajiri, na hawali. Ulipopiga kelele walisema ni pepo linajibu. Ulipojaribu kutoka walikufunga. Nilikuja kukuona mara moja, ukaniambia, "Maman, unipatie kulala tu." Nikakujibu uvumilie. Sikukwambia basi njoo twende. Ulirudi nyumbani na alama za kamba, na najua bangili zile pana unazivaa kwa ajili ya nini.

Baada ya hapo ukalala, ukageukia ukuta, kama yeye. Uliacha kuoga. Siku moja nilikuletea uji ukaniambia kwa sauti ya mtu mzima kwamba ingekuwa vizuri usiamke tena. Hapo ndipo nilipomwambia baba yako tunakwenda hospitali, na kama hataki nitakubeba mgongoni peke yangu. Akaja.

Yule daktari kijana kutoka Bukavu unamkumbuka, yule mwenye sauti ndogo. Alikaa na wewe peke yako kwa muda mrefu. Kisha akatuita sisi wawili. Akasema, "Kwa Kifaransa banaita bipolaire. Kuko wakati akili inapanda sana, kuko wakati inashuka sana. Si pepo. Si makosa ya mutoto. Kuko dawa." Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu siku ya soda. "Ku familia, upande wa mama ao wa baba, kuko mutu mwengine alikuwaka hivi?"

Baba yako akasema kwake hakuna. Alisema bila kufikiri.

Mimi nikasema, "Baba yangu."

Baba yako akageuka kunitazama. Daktari akaendelea kuandika kama vile nimemtajia kijiji tu. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kupita katika damu ya familia, lakini haupiti kama watu wanavyofikiri. Hakuna mbegu moja ya ugonjwa ambayo mtu mmoja anampa mwingine. Ni vitu vidogo vidogo vingi, vingine vinatoka kwa mama, vingine kwa baba, na karibu kila mtu duniani anavyo kidogo. Kwa mtoto fulani vinakutana vingi, halafu maisha nayo yanaongeza yake: kukosa usingizi, kukimbia vita, msiba. Akasema mtoto wa mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuupata zaidi kuliko watoto wengine, lakini wengi wao hawaupati kabisa.

Baba yako akauliza, "Si mupime damu yake, tujue inatoka upande gani?"

"Hakuna examen ya vile, papa. Na hata ingekuwa, ingekusaidia nini?"

Na mimi, mwanangu, nilikuwa nataka kipimo hicho kuliko yeye. Nilikuwa naomba kiwepo, kionyeshe upande wao.

Tulirudi kwa miguu. Wewe ulikuwa katikati, umechoka kwa kidonge cha kwanza, na baba yako akatangulia mbele kama mtu tusiyetembea naye. Tangu siku ile neno damu liliingia nyumbani. Ukivunja sahani, damu ya Fizi. Ukicheka kwa nguvu, damu ya Fizi. Mama yake aliacha kabisa habari ya pepo, hakumlaumu mchungaji hata kidogo, akashika maneno ya daktari akayafanya fimbo. Nilidhani elimu ikiingia itawanyamazisha watu. Iliwapa tu kitu kipya cha kunipiga nacho, tena chenye heshima ya hospitali. Mwaka haukuisha baba yako akahamia kwa mwanamke mwingine upande wa Mulongwe. Aliniambia hapo mlangoni, ameshika sanduku lile lile la mashati, "Na mi nataka batoto ba damu safi." Ulikuwa unafua nguo hatua chache kutoka kwetu. Hakupunguza sauti.

Ndugu zake wakaitisha kikao ili tuambiwe turudi Fizi, mimi na wewe. Nilipopata habari hiyo niliacha kulia. Nikaanza kutafuta. Nilimuuliza kila mama aliyeshuka na mihogo kutoka upande wa kaskazini, mpaka mmoja akaniambia bila kujua ananipa nini, "Kwani haumujue shangazi yao wa Mboko? Ule Feza. Walimufichaka kule tangu zamani."

Nilipanda gari siku iliyofuata. Koko Feza, huyo bibi yako, nilimkuta anageuza mihogo kwenye mkeka kando ya barabara, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nilijitambulisha kama mke wa mtoto wa kaka yake. Akanikaribisha, akanipikia bugali na samaki wadogo wa ndakala, na nilipouliza kwa kuzungukazunguka, akacheka. "Uulize tu. Mi kuko miezi naimba, kuko miezi siamuke. Bantu ba hapa banajua. Nikiimba sana, jirani anachukua funguo ya nyumba na makuta yangu, nisigawe yote, ananichungia. Nikikosa kuamuka, analeta maji. Njo maisha yangu." Alisema hivyo kama mtu anayesema ana mguu mfupi. Mimi sikusikia maisha yake. Nilisikia kesi yangu imeshinda.

Nikamdanganya. Nilimwambia kuna mtoto Baraka, mjukuu wake, anaugua kama yeye na anataka kumwona. Hukuwa umeniambia hivyo. Hukujua hata kama yupo. Alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akachukua kifungu cha ndizi kwa ajili yako.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada, uani kwa mama wa baba yako. Wewe ulikuwa nyuma ya jiko unatwanga majani ya sombe. Nilisubiri wamalize kusema, kisha nikatoka nje nikamleta Koko Feza kwa mkono, nikamsimamisha katikati.

Nikasema, "Munasema damu ya Fizi njo iliharibisha mutoto. Sasa muulize huyu mama, yeye iko damu ya wapi?"

Baba mkubwa wa baba yako akaniuliza, "Nani alikutuma kumuleta huyu?"

"Hakuna mutu. Nilimuleta juu ya vile mulimuficha. Munanifukuza juu ya baba yangu, na ninyi muko na wenu. Mutoto huyu si wa kwetu. Ni wa kwenu. Mumuchukue wenyewe."

Mama wa baba yako akasema, "Si wa kwetu yule. Kwetu hakunaka mutoto wa vile."

"Wa kwenu."

"Wa kwenu ninyi."

Nilikuwa nasikia mchi wako tangu mwanzo, tu, tu, tu. Na nilisikia uliponyamaza. Nataka ujue kwamba nilisikia. Nilijua umesimama pale unasikiliza tunavyokutupa, mimi kwao na wao kwangu, na nikaendelea kusema, kwa sababu nilikuwa nashinda. Baba yako alikuwa ameinamisha kichwa. Alimjua shangazi yake vizuri. Alipokuwa mtoto ndiye aliyekuwa anampelekea chakula huyo shangazi alipofungiwa. Nilifurahi kuona kichwa kile kimeinama. Siku nyingi sikuwa nimefurahi hivyo.

Koko Feza aliniachia mkono. Akasema, bila hasira, "Uliniambia mutoto njo alitaka kuniona. Kumbe ulinileta ku kesi." Kisha akawatazama wote wale, ndugu zake wa damu ambao hawakumkaribisha hata kiti. "Mutoto mwenyewe iko wapi? Amekula?"

Akaenda nyuma ya jiko na kifungu chake cha ndizi.

Sikufukuzwa. Nilibaki na nyumba, watu wakasema Mama Mapendo ana akili. Na wewe juma hilo uliacha dawa. Ulikuwa unazificha chini ya ulimi na kuzitema chooni, na kabla mwezi haujaisha ukatoweka. Nilikutafuta ufukoni kwanza, kwa sababu ya maneno uliyoniambia siku ya uji. Niliwafuata wavuvi na kuwauliza kitu ambacho mama hapaswi kuuliza. Kumbe ulikuwa umepanda gari la mihogo. Koko Feza alituma karatasi kupitia dereva: umefika, umelala, nikuache ulale, na nilete dawa zako. Aliandika "dawa zake" juu ya kila kitu kingine, maana yeye mwenyewe miaka mingi hakuzipata.

Tangu hapo kila likizo unakwenda kwake. Na sasa umesema unakwenda kukaa. Mwezi uliopita nilikuuliza kuna nini Mboko ambacho hakipo hapa, ukanijibu taratibu, kwa heshima: "Maman, kule hakuna mutu ananiangalia asubui kuona nimeamuka namna gani."

Neno hilo limenikaa. Ni kweli, nakuangalia. Ukicheka nasikiliza kicheko kimefika wapi. Ukinunua nguo nyekundu nahesabu pesa. Ukilala mchana nakuja mlangoni. Ulipofaulu mtihani wa shule na ukaruka kwa furaha kama vijana wote, mimi nilikwenda kutazama kama vidonge vimepungua sawasawa. Nilidhani ni upendo, na labda ni upendo, lakini miaka saba umekaa katika nyumba ambapo mama yako anangoja uugue. Mtu hawezi kuishi vizuri akiwa anangojewa hivyo. Koko Feza anajua kukutazama bila kukuwinda. Mimi sijajifunza, na nimeumia kwamba mwanamke niliyemleta kama ushahidi ndiye anayekulea kunishinda. Naumia, sikufichi. Usije ukafikiri nimekuachia kwa moyo mweupe.

Juzi tukichambua ndakala uliniuliza kama ningekuzaa, kama ningalijua. Nikasema ndiyo, upesi sana, ukatabasamu na kuendelea kuchambua. Nikujibu sasa pasipo haraka. Siku ulipotoka kwenye chumba cha maombi, kama mtu angeniuliza, ningesema hapana. Niliona mikono yako nikatamani usingekuwa umezaliwa kwa mama kama mimi. Siku zingine pia nilisema hapana, nikiwa nimechoka, na sina sababu nzuri ya siku hizo. Lakini leo nimesikia unapita njiani ukimtania yule muuza mafuta, nikaenda dirishani nikusikilize tu, sikupima kitu. Jibu la leo ni ndiyo.

Ukaniuliza pia kama na wewe utazaa. Sijui, mwanangu. Daktari alisema alichosema, wengi hawaupati, na wanaoupata wanaishi vizuri zaidi wakishikwa mapema. Hilo utaamua mwenyewe. Ninachokuomba ni kimoja. Akija mwanamume, mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla wazee hawajakaa kuulizana. Usimwachie baba mdogo yeyote akujibie. Akiondoka, aondoke akiwa amejua. Nimekaa na mtu aliyeondoka baadaye, najua ninachosema.

Nilifikiri barua itaishia hapo. Lakini baba yako ametoka hapa sasa hivi.

Alisimama kwenye uzio kama mgeni. Nikadhani amekuja kukuaga, nikamwambia hupo. Akasema atapita asubuhi. Hakuondoka. Akauliza habari ya mvua. Kisha akasema, akitazama upande wa ziwa, "Mama Mapendo. Mapendo alianzaka namna gani?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Ni muzee mudogo." Ndivyo anavyomwita mwanawe wa kule Mulongwe, Amani, yule wa miaka sita. "Halale. Anaongea, anaongea. Jana alipanda juu ya nyumba, anasema anaweza kuruka mpaka ku maji. Mama yake anasema ni pepo. Mama yangu naye anasema bamupeleke ku maombi."

Unajua kilichonijia kwanza? Furaha. Ile ile ya siku ya kikao. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, damu safi, Papa Mapendo, iko wapi ile damu safi? Yalikuwa matamu. Nilimtazama akisubiri niyaseme. Alikuja akijua nitayasema, na bado alikuja.

Sikuyasema. Nilimwambia mtoto wa miaka sita anaweza kuwa na minyoo, au anaogopa kitu, au ni mtukutu tu, watoto wengi wanapanda nyumba, na mimi na yeye si wa kujua. Nikamwambia asimpeleke kwenye maombi yale, hata siku moja. Nikamwambia amlete hospitali kesho, nami nitakuwepo. Akauliza, "Wewe utakuja?" Nikasema ndiyo. Akafuta uso kwa kiganja akaenda zake.

Kwa hiyo kesho ukishapanda pikipiki sitakaa hapa kulia kama unavyoogopa. Nitakwenda kuwangoja pale kwenye benchi. Daktari atauliza kama kuna mtu katika familia, na baba yako, namjua, atanyamaza. Nitasema mimi. Nitasema upande wa baba yuko shangazi, anaitwa Feza, anaishi Mboko, anaanika mihogo, na binti yangu anakaa naye.

Mama yako